Huruma Yenye Hesabu: Kabla ya Kumchukua Mbwa au Paka Makazini



Juma lililopita, baada ya kipindi cha mwisho, msichana mmoja wa kidato cha pili alinifuata hadi mlangoni mwa ofisi ya walimu. "Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Nataka kumchukua mbwa kutoka kwenye makazi ya wanyama, lakini baba amekataa. Ukinisaidia kuandika insha ya kumshawishi, huenda akakubali." Nilitabasamu, nikamwahidi jibu. Jibu lenyewe limenichukua siku tano, kwa sababu limenilazimu kukumbuka kosa langu mwenyewe ambalo sijawahi kulisimulia darasani.

Msimamo wangu nautaja mapema ili usiutafute kwa tochi. Naamini kwamba anayetaka kufuga mbwa au paka afanya vyema zaidi kumchukua makazini kuliko kumnunua barabarani au kupewa na jirani. Hata hivyo, wema huo una sharti moja: huruma itanguliwe na hesabu. Huruma isiyohesabu ndiyo iliyowajaza wanyama wengi katika makazi hayo.

Tuanze na maneno, kama ilivyo desturi yetu. Mganda husema embwa, Mnyarwanda husema imbwa, na Mswahili husema mbwa. Ni neno la ukoo mmoja. Mbwa azururaye bila mwenyewe huitwa mbwa koko, na paka dume mkubwa wa mitaani huitwa paka shume. Mahali wanapotunzwa wanyama waliotupwa, waliopotea au walioteswa tutapaita makazi ya wanyama. Kuhusu tendo la kumchukua mnyama huko, wapo wasemao kumwasili, neno tulilozoea kulitumia kwa mtoto anayepewa wazazi wapya kisheria. Mimi napendelea kitenzi cha zamani zaidi: kufuga. Kufuga si kuwa na mnyama tu. Ni kumlisha, kumtunza na kumzoesha kuishi na watu. Kitenzi hicho kina matumizi mengine pia. Mtu mgonjwa asiyetaka kwenda kutibiwa huambiwa kwamba "anafuga maradhi". Zishike maana hizo mbili, kwa kuwa tutazihitaji.

Nilipokuwa mwalimu kijana nilipangiwa shule moja karibu na Tororo, mashariki ya Uganda. Siku moja ya mvua nilimkuta sokoni mtoto wa mbwa ndani ya boksi lililolowa, akitetemeka. Alikuwa jike. Nilimwonea huruma, nikamtia kikapuni pamoja na vitunguu vyangu, nikampeleka nyumbani na kumwita Nyota. Nilimlisha mabaki ya posho na maharage. Sikumpeleka kwa daktari wa mifugo hata siku moja, wala sikuuliza kama ilinipasa kumpeleka. Kabla ya mwaka kwisha alizaa watoto sita, nami nikawagawa kwa yeyote aliyepita akasema, "Nipe mmoja." Sijui walikoishia.

Mwaka wa tatu nilihamishiwa Jinja. Nilipakia kitanda, vitabu na sufuria katika gari la mizigo. Nyota nilimwachia mlinzi wa shule kwa maneno matupu, bila hata shilingi ya chakula. Miezi michache baadaye mwalimu mwenzangu aliniandikia. Mlinzi alikuwa ameacha kazi. Nyota alikuwa amegeuka mbwa koko akilala nyuma ya machinjio, na alikuwa amemng'ata mtoto wa miaka saba aliyekuwa akipita kwenda kuchota maji. Kwa kuwa hakuna aliyejua kama mbwa yule alichanjwa, baba wa mtoto aliuza mbuzi wake ili apate nauli na gharama za sindano. Wanaume wa kijiji walimfuata Nyota kwa marungu. Mtoto alipona. Nyota hakupona. Mimi nilikuwa Jinja, nikifundisha ngeli za nomino.

Hakuna aliyekuja kunidai, na hapo ndipo lilipo tatizo la uraia ninalotaka tulitazame. Tunasema "mbwa koko" kana kwamba mnyama huyo aliota porini kama uyoga. Lakini fuata ukoo wa kila mbwa koko na mwishowe utafika kwenye ua wa mtu aliyempenda kwa wiki mbili, akamchoka, au akahama. Aliyeonekana mwenye hatia Tororo alikuwa Nyota, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na meno. Aliyekosa nilikuwa mimi.

Sasa tuhesabu. Mbwa jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi sita hivi, na mimba yake huchukua takriban siku 63. Kwa kawaida hupata joto mara mbili kwa mwaka. Tuseme azae watoto watano kila mara: hao ni kumi kwa mwaka mmoja, na wale walio majike huanza kuzaa kabla ya mwaka wao wa kwanza kutimia. Paka huwahi zaidi. Huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu. Hesabu hii ni ya ubaoni, kwa kuwa wengi hufa kwa njaa, maradhi na magurudumu ya magari. Hata hivyo inatosha kukuonyesha kwa nini makazi yoyote, hata yawe makubwa kiasi gani, hayawezi kuwapokea wote. Kujenga makazi bila kuzuia uzazi wa ovyo ni sawa na kukinga mvua ya masika kwa kikombe.

Eneo letu lina makazi, ingawa ni machache. Nairobi, katika mtaa wa Karen, kuna chama cha KSPCA kilichoanzishwa mwaka 1910, chenye kazi ya kuwalinda wanyama na kuwatafutia nyumba mbwa na paka waliookotwa. Hapa kwetu Uganda, jumuiya ya USPCA huendesha makazi ya namna hiyo. Hizi ni taasisi za raia waliojitolea, zinazotegemea michango. Serikali zetu za miji, kwa miaka mingi, zimezoea njia nyingine: sumu ndani ya kipande cha nyama, au risasi.

Huenda ukasema, "Bora sumu, kuliko mtoto kung'atwa." Naielewa hofu hiyo, na siidharau. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kutisha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi mno wakiwa Afrika na Asia. Karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa, na takriban asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo, ukiumwa na mbwa, hata awe anaonekana mzima, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usipake pilipili wala majani ya kusaga, na usisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Lakini sumu haiondoi ugonjwa huu. Ukiwaua mbwa wa mtaa mmoja, chakula cha jalalani kinabaki palepale, na mbwa wa mtaa wa pili wanahamia bila chanjo. Tena sumu haichagui: humuua mbwa aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, ikibomoa ukuta ambao fedha za umma zilikuwa zimeujenga. Kisiwa cha Bali nchini Indonesia kilijifunza hivyo kwa uchungu. Ugonjwa ulipozuka huko mwaka 2008, watawala walitilia mkazo kuua mbwa, nao ukaendelea kusambaa. Ilipoanza kampeni ya kuchanja mbwa wa kisiwa kizima mwaka 2010, ndipo vifo vya watu vilipoanza kupungua. Wataalamu wanasema kwamba mbwa wapatao asilimia 70 katika eneo wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Chanjo si jambo jipya kwa binadamu: Louis Pasteur alimtibu mtoto wa kwanza kwa chanjo ya ugonjwa huu mwaka 1885, na tarehe aliyofariki, 28 Septemba, ndiyo inayoadhimishwa sasa kama Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kinachokosekana ni watu wa kumpeleka mbwa wao siku ya chanjo inapotangazwa.

Sasa rudi kwenye zile maana mbili za kitenzi chetu. Mwenye mbwa asiyemchanja hafugi mbwa, anafuga maradhi. Nami pale Tororo, kwa miaka mitatu, nilidhani nafuga mbwa.

Wapo watakaokuambia kwamba dawa ya yote haya ni sheria. Sheria ni ya lazima, ila peke yake haitoshi. Tazama Italia. Mwaka 1991 nchi hiyo ilipitisha sheria namba 281, iliyokataza kuwaua mbwa wasio na mwenyewe wanaokamatwa, isipokuwa wagonjwa mahututi, wasioweza kupona, au waliothibitika kuwa hatari. Sheria hiyo iliziachia halmashauri za miji wajibu wa kuwa na makazi ya mbwa kwa gharama ya umma. Ni sheria ya kiungwana. Lakini mbwa asipopata wa kumchukua, hubaki kwenye kizimba, na wengi wamezeekea humo. Serikali yaweza kumpa mbwa paa, bakuli na sindano. Haiwezi kumpa nyumba. Nyumba hutolewa na raia mmoja mmoja, ndiyo maana nasema kwamba kumchukua mnyama makazini ni tendo la uraia, sawa na kupanda mti kando ya barabara ambayo hukuijenga.

Kwa nini basi makazini, wala si kwa muuzaji? Kwanza, fedha unazompa muuzaji ni agizo la uzao mwingine. Pili, makazi mazuri hukupa mnyama aliyekwisha kuchanjwa, kupewa dawa ya minyoo na kuhasiwa au kufungwa kizazi, ili asiongeze wengine. Tatu, wahudumu wamekwisha kuishi naye; watakuambia kama anaogopa ngurumo, kama anapatana na watoto, kama hawezi kuonana na kuku. Nne, ukimtoa mmoja, nafasi moja imepatikana kwa mwingine aliye mlangoni. Wengi wetu hutamani mbwa wa mbegu za kigeni kwa ajili ya fahari, tukimdharau mbwa wa kienyeji. Mbwa huyo wa kienyeji amelinda nyua zetu tangu enzi za mababu, na jua letu halimshangazi.

Usikasirike watu wa makazi wakikuhoji. KSPCA, kwa mfano, hufika kwanza nyumbani kwa mwombaji kuona mahali mnyama atakapoishi. Rafiki yangu mmoja alipofanyiwa hivyo alinung'unika, "Wananikagua kama mwizi!" Nilimjibu kwamba laiti mtu angenikagua mimi pale sokoni siku ile ya mvua, mtoto wa Tororo angechota maji yake kwa amani.

Najua pingamizi mbili zitakazokujia. Ya kwanza ni hii: "Watu hawana chakula, nanyi mnazungumzia mbwa?" Ni swali la haki. Lakini angalia nani hulipa gharama ya mbwa waliotelekezwa. Tajiri hulindwa na lango la chuma na gari. Anayelipa ni mtoto atembeaye kilomita tatu kwenda shule, na mzazi wake anayeuza mbuzi ili kufikia hospitali yenye chanjo. Kumtunza mbwa vizuri si anasa inayomnyang'anya maskini. Ni ulinzi wa maskini.

Pingamizi ya pili ni ya dini. Waislamu wengi hawamwingizi mbwa ndani ya nyumba, wakimfuga huweka banda lake nje kwa ajili ya ulinzi, na msimamo huo unastahili heshima. Paka, hata hivyo, ni mgeni wa kila ukumbi wa Uswahilini, na Abu Huraira, sahaba aliyepokea Hadithi nyingi, anajulikana kwa lakabu yenye maana ya baba wa kipaka. Asiyeweza kufuga mbwa aweza kuchukua paka. Asiyeweza kufuga yeyote aweza kumpa mnyama mwenye kiu maji, na kumkanya mtoto wake asimrushie mawe.

Haya, binti yangu uliyeniuliza swali, na wewe usomaye. Chukua karatasi. Usiandike insha ya kumshawishi baba. Andika majibu ya maswali ambayo naamini baba yako anayo moyoni hata kama hakuyatamka. Mbwa huishi miaka kumi hadi kumi na mitatu, na paka huweza kufika kumi na mitano au kupita. Wewe una miaka kumi na mitano. Mbwa utakayemchukua leo atakuwa mzee wewe ukiwa na miaka ishirini na saba, umemaliza chuo, pengine una kazi katika mji mwingine na nyumba ya kupanga isiyo na ua. Nani atakuwa naye siku hiyo?

Endelea. Nani atamlisha kila siku, zikiwemo siku za mitihani na zile utakazokuwa bwenini? Je, ua wenu umezungushiwa uzio, au mbwa atafungwa mnyororo mchana kutwa hadi awe mkali kwa kuchoka? Mwenye nyumba ameridhia? Fedha za chakula, za dawa ya kupe na minyoo, na za chanjo ya kila inapotakiwa, zitatoka mfuko gani, na mfuko huo ukitoboka itakuwaje? Mkihama, mnyama atahama nanyi? Mwisho kabisa: ukishindwa, utakuwa tayari kumrudisha makazini mchana kweupe, bila kuona haya, badala ya kumtupa sokoni usiku? Makazi mengi hupendelea urudi naye kuliko umwache barabarani. Kurudi naye kunatia aibu ya siku moja. Kumtupa kunaacha deni ambalo mimi bado nalilipa.

Ukiyajibu yote na baba akaridhika, nendeni pamoja, msikilize wahudumu, na mchague mnyama anayefaa nyumba yenu, hata kama si yule mwenye manyoya ya kupendeza. Ukikuta swali moja halina jibu, basi acha kwa sasa. Hilo si kosa, wala si ukosefu wa huruma. Waweza kujitolea kusafisha vizimba siku za likizo. Waweza kuwahimiza majirani siku ya chanjo ya bure inapotangazwa na afisa mifugo, ukawashikia kamba mbwa wa wazee wasioweza kutembea. Mbwa hao hawatakuwa wako, na bado utakuwa umewalinda watoto wa mtaa wako.

Jana msichana yule alinijia na karatasi yake. Alikuwa amejibu maswali yote isipokuwa lile la bweni, mbele yake alikuwa ameandika, kwa kalamu ya risasi, "Nitamwuliza baba." Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo insha bora aliyowahi kuniandikia, ingawa ina sentensi chache.

Kazi yako ya juma hili ni fupi. Tembea katika mtaa wako, ukiwa na mtu mzima, bila kumgusa mnyama yeyote. Hesabu mbwa na paka unaowaona. Kisha waulize majirani watatu wenye mbwa: "Alichanjwa lini mara ya mwisho?" Andika majibu yao kwa Kiswahili sanifu, ukizingatia upatanisho wa kisarufi: mbwa *huyu*, mbwa *hawa*, kwa kuwa mbwa ni kiumbe hai, naye hufuata ngeli ile ile tunayoitumia kwa mtu. Njoo na karatasi yako darasani, tujumlishe hesabu za mitaa yote, na tumpelekee afisa mifugo wa wilaya yetu kabla ya tarehe 28 Septemba.